Jeupe Haligandi

DEO: Haloo? Nani mwenzangu?

RUKAYA: Nani mwenzako! Mchaga keshafuta namba yangu, asije akaombwa kitu.

DEO: Sijaangalia jina. Nimepokea tu.

RUKAYA: Rukaya. Wa Sugar Land, hapahapa Texas. Mpare wako.

DEO: Ah. Mtani.

RUKAYA: Na hujaniamkia.

DEO: Shikamoo.

RUKAYA: Eh! Deo, hapo ulitakiwa ukatae. Tumezaliwa mwaka mmoja, mimi na wewe. Ulitakiwa uniambie nizeeke kwanza.

DEO: Marahaba basi.

RUKAYA: Huwezi kuamkia halafu ukajiitikia mwenyewe, bwana.

DEO: Umewasha?

RUKAYA: Nimewasha nini?

DEO: Mashine ya gemu. Leo si Jumamosi? Tulisema Jumamosi tunapima, jeupe lako na jeusi langu. Gemu moja, uwanja mmoja, mvua ileile. Umeandika mwenyewe kwenye grupu. "Jeupe haligandi." Ukaweka na vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi.

RUKAYA: Niliandika Jumatatu.

DEO: Sasa?

RUKAYA: Jumatatu mzee wako alikuwa hai, Deo.

[Kelele za umati upande wa Deo.]

RUKAYA: Hizo kelele ni za msibani au za uwanjani?

DEO: Za uwanjani. Msiba uko jikoni.

RUKAYA: Jikoni?

DEO: Bertila yuko huko na kina mama. Wameegemeza simu kwenye chupa ya chai, wanaangalia laivu ya mazishi kutoka Kibosho. Inaganda-ganda. Padre anafungua mdomo, anakaa hivyohivyo, wakija kumpata tena keshamaliza somo.

RUKAYA: Na wewe uko sebuleni na pedi ya gemu mkononi.

DEO: TV iko sebuleni.

RUKAYA: Hilo ndilo ninalolisema! TV kubwa iko sebuleni, baba yako anazikwa kwenye kioo cha simu, kaegemea chupa ya chai. Mke wako kanipigia—

DEO: Bertila anapigia watu wengi.

RUKAYA: Kanipigia akinong'ona, kajifungia bafuni, nasikia feni ya bafu inavuma. "Dada Rukaya, mzee anazikwa saa tisa ya nyumbani, na mume wangu anacheza mpira. Hajalia, hajala, hajaachia TV tangu jana. Wewe ndiye mtani wake, fanya kitu." Ndiyo nimepiga. Nimekuambia kila kitu, sijaficha hata kijiko.

DEO: Sawa.

RUKAYA: Sawa nini?

DEO: Sawa, umewasha?

RUKAYA: [anashusha pumzi] Nawasha.

DEO: Usitangulie. Tunabonyeza pamoja. Juzi ulitangulia.

RUKAYA: Uko peke yako hapo sebuleni?

DEO: Wapo watu.

RUKAYA: Watu gani?

DEO: Wa msiba. Wanane hivi. Kuna wale wa kanisani Arlington, kuna Nderitu, Mkenya wa nyumba ya tatu. Kavaa suti. Katika joto hili la Mansfield, suti ya sufu.

RUKAYA: Na wanafanya nini?

DEO: Wamekaa nyuma yangu, kwenye makochi. Mwanzoni walikuwa wanaimba. Sasa wanaangalia.

RUKAYA: Wanaangalia gemu?

DEO: Nderitu kaniambia, "Buda, hiyo kona piga fupi." Nimepiga fupi. Tumefunga.

RUKAYA: Subhanallah.

DEO: Walipiga makofi. Halafu wakakumbuka, wakaacha.

RUKAYA: Deo.

DEO: Uko kwenye ukurasa wa mwanzo? Chagua uwanja ule mkubwa, weka mvua ya juu kabisa. Kwenye ukavu kila mashine ni mashine. Kwenye mvua ndipo utajua ya nani inatembea na ya nani inaburuzwa.

RUKAYA: Nimeweka.

DEO: Moja, mbili, tatu. Bonyeza.

RUKAYA: Nimebony— nimeingia! Nimeshaingia, mtani! Sijaweka hata kikombe chini! Jeupe hilo! Wewe?

DEO: Duara linazunguka.

RUKAYA: Bado?

DEO: Linazunguka.

RUKAYA: Sasa hilo jeusi lako linakwenda dukani kununua huo uwanja?

DEO: Nimeingia.

RUKAYA: Ningekuwa nimeshapika ugali.

DEO: Kufungua si kitu. Kufungua unafungua mara moja. Angalia nyasi. Kimbia na mchezaji wako, mzungushe, angalia maji yanavyoruka kwenye kiatu. Yanakatika?

RUKAYA: Ya kwangu... yanakatika kidogo. Kidogo sana.

DEO: Ya kwangu hayakatiki. Fremu mia na ishirini kwa sekunde moja, mtani. Picha mia na ishirini, moja baada ya nyingine, hakuna hata moja iliyokosa zamu yake. Mtu akinyanyua mkono unauona mkono unapanda wote, kuanzia chini mpaka juu. Hakuna sehemu inayorukwa.

RUKAYA: Nakusikia.

DEO: Hilo lako linawahi kufika, halafu linakuwa halina la kufanya. Feni yake je? Weka simu karibu.

RUKAYA: Haya. [mvumo] Umesikia?

DEO: Ile ni feni au ni mvua?

RUKAYA: Ni mvua ya kwenye gemu. Feni haina mlio.

DEO: Ya kwangu ina mlio. Hapo utapewa. Feni umeshinda wewe.

RUKAYA: Kufungua nimeshinda mimi, feni nimeshinda mimi.

DEO: Fremu mimi. Na fremu ndiyo kila kitu.

RUKAYA: Mnyonge anayeshindwa ndiye huchagua alama ipi ndiyo kila kitu. Mzee wako angecheka hapo.

[Kimya.]

RUKAYA: Mtani?

DEO: Nakuja, nilikuwa napiga mpira wa kichwa.

RUKAYA: Hivi mlihakikisha?

DEO: Kuhakikisha nini?

RUKAYA: Mzee. Mlimdondoshea sarafu sakafuni? Maana Mchaga hafi hivihivi. Unadondosha sarafu karibu na sikio, asipoamka kuitafuta, ndipo unampigia padre.

DEO: Sijui. Sikuwepo.

RUKAYA: Ilikuwa utani, Deo.

DEO: Najua. Ni mzuri. Yeye aliupenda huo. Alikuwa anasema watumie ya karatasi, asiisumbue familia kwa kelele.

RUKAYA: Unaongea kama unanisomea habari.

DEO: Mtandao wako unakwaruza.

RUKAYA: Ni wewe unayekwaruza. Ngoja nisogee dirishani... Haya. Tiketi uliulizia?

DEO: Wakili kasema nikitoka kabla karatasi za uhamiaji hazijajibiwa, sirudi. Bertila na watoto watabaki huku, mimi nibaki huko. Tuliongea dakika mbili. Alisema pole kwa Kiingereza, halafu akasema pole kwa Kihispania, nadhani alichanganya faili.

RUKAYA: Basi kaburini kwa baba yako unakoweza kufika ni hapo kwenye TV.

DEO: Umepoteza mpira.

RUKAYA: Deo, nasema—

DEO: Nimekusikia. Umepoteza mpira, mchezaji wako kasimama anaangalia mbu.

RUKAYA: Nikuambie mama yangu nilimzikia wapi?

DEO: Ulikuwa kazini. Uliniambia.

RUKAYA: Nilikuambia nilikuwa kazini. Sikukuambia wapi. Nilikuwa stoo ya mashuka. Mgonjwa wangu alikuwa anahitaji kugeuzwa, nikasema nakuja, nakwenda kuchukua shuka. Nikafunga mlango, simu nikaiegemeza kwenye katoni ya glavu. Niliona kichwa cha kaka yangu kwa nyuma. Hicho tu. Mwenye simu alikuwa mfupi, basi mazishi yote ya mama yangu mimi nimeona kisogo cha Athumani. Kina kovu la jipu, nalijua mpaka leo. Halafu nikachukua shuka nikaenda kumgeuza mgonjwa.

DEO: Na ukamgeuza?

RUKAYA: Nikamgeuza upande wa kushoto. Alikuwa anataka kulia.

[Mtu anacheka kidogo, ni Nderitu kwa mbali: "Huyo ni nani anachekesha?"]

RUKAYA: Mwambie Nderitu ni mimi, dada yake. Sasa wewe una TV ukutani ukubwa wa mlango. Una sofa. Una watu wanane na suti moja. Huna mgonjwa wa kugeuza. Unachomfanyia huyo mzee—

DEO: Sikiliza.

RUKAYA: Nasikiliza.

DEO: Unakumbuka Idi ile ulipokuja na pilau? Tukampigia mzee video.

RUKAYA: Nakumbuka. Aliniuliza kama Wapare bado tunauza ng'ombe ili tuendeshe kesi ya kuku. Nikamwambia kesi imekatiwa rufaa.

DEO: Kila tukiongea ilikuwa inaganda. Kila mara. Mimi naganda huku, sura ikiwa imekunjamana vyovyote, na yeye hakuelewa kabisa kwamba ni mtandao. Alidhani nimekasirika. Anaanza kubembeleza. "Deo, mwanangu, mbona umenuna? Nimekosea nini?" Na mimi huku nacheka, yeye hanioni. Anamwona yule aliyenuna.

RUKAYA: "Mbona umenuna." Ndiyo, kwa sauti ile ya puani.

DEO: Miaka yote hiyo, baba yangu amekuwa akiongea na mtu aliyenuna. Sasa nikaweke TV nimwangalie naye akiwa ameganda? Padre kaganda, migomba imeganda, sanduku limeganda hewani? Hapana. Hii hapa haigandi. Mia na ishirini kwa sekunde. Acha nicheze, mtani. Ikiisha wataniambia.

RUKAYA: Sawa.

DEO: Sawa?

RUKAYA: Sawa. Cheza.

[Umati, filimbi.]

DEO: Mtani, mchezaji wako hatembei. Nimepita pembeni yake mara mbili.

RUKAYA: Nimeweka pedi chini.

DEO: Umekwenda wapi?

RUKAYA: Nimefungua laivu ya Kibosho. Hapahapa kwenye jeupe, kwenye TV yangu. Wewe cheza.

DEO: Imekubali?

RUKAYA: Safi kabisa. Wewe cheza tu.

DEO: Nacheza.

[Kimya.]

DEO: Kuna watu?

RUKAYA: Hee! Mpaka juu ya ukuta. Turubai tatu. Kwaya wamevaa vitambaa vya zambarau. Umeanza kuuliza?

DEO: Nauliza picha. Kama inaonekana.

RUKAYA: Inaonekana. Ila kuna tatizo.

DEO: Tatizo gani?

RUKAYA: Mazishi yamesimama.

DEO: Imeganda. Nilikuambia.

RUKAYA: Jeupe haligandi. Watu wanatembea, migomba inapepea. Yamesimama yenyewe. Kuna mwanamke kaingia kaburini.

DEO: Kaanguka?

RUKAYA: Kaingia. Kwa ngazi. Kakaa chini, kakunja mikono, anasema hakuna sanduku litakaloshuka.

DEO: Rukaya.

RUKAYA: Naam.

DEO: Ni nani huyo?

RUKAYA: Shangazi yangu Namsifu, wa Usangi.

DEO: Shangazi yako anafanya nini kwenye kaburi la baba yangu?

RUKAYA: Anafanya kazi yake! Mchaga anazikwa, Mpare akae nyumbani? Nimempigia jana, kapanda basi la alfajiri pale Mwanga. Wewe umesahau mila kwa sababu ya kula barbikyuu. Mtani akishakaa kaburini, hatolewi kwa nguvu na mtu. Padre mwenyewe kasogea pembeni, anafuta miwani.

DEO: Wampe anachotaka basi. Mdogo wangu yupo pale, Humphrey. Wampe jogoo.

RUKAYA: Kakataa jogoo.

DEO: Mbuzi.

RUKAYA: Sikiliza bei zinavyopanda! Mchaga kafufuka. Kakataa mbuzi vilevile. Anadai wewe.

DEO: Mimi niko Texas.

RUKAYA: Anajua. Anasema hatoki mpaka mtoto wa kwanza wa marehemu aseme kwamba anaona. Humphrey yuko ukingoni na simu mkononi, anasubiri neno langu. Nikimwandikia "Deo anaona", shangazi anatoka.

DEO: Mwandikie.

RUKAYA: Unaona?

DEO: Naona.

RUKAYA: Shangazi kavaa kitenge cha rangi gani?

DEO: Bluu.

RUKAYA: Unabahatisha.

DEO: Kijani.

RUKAYA: Deo, yule ni bibi wa watu, ana baridi yabisi ya magoti, na udongo wa Kibosho ni mbichi. Kila ukikosea anazidi kukaa.

DEO: Umemtia bibi wa watu kwenye shimo ili unikomeshe mimi?

RUKAYA: Ndiyo.

DEO: Nyie Wapare ni wagonjwa.

RUKAYA: Na kesi tunaendesha mpaka mwisho. Kitenge rangi gani?

DEO: [mtandao unakwaruza] ...siwezi ku—

RUKAYA: Sijasikia.

DEO: Nimesema siwezi kuiona kwenye simu ya Bertila. Jikoni wanapiga kelele, nadhani ndiyo kwanza wamemwona shimoni. Simu imezungukwa.

RUKAYA: Sijakuambia simu ya Bertila. Toka kwenye gemu.

DEO: Nderitu anasema tunaongoza mbili moja.

RUKAYA: Mwambie Nderitu anyamaze na suti yake!

DEO: Anakusikia. Anasema, "Pole, dada."

RUKAYA: Toka, Deo.

DEO: Nikitoka mechi inapotea.

RUKAYA: Ipotee.

[Umati unakatika.]

DEO: Nimetoka.

RUKAYA: Haya. Fungua linki. Si tulisema tunapima? Hiki ndicho kipimo chenyewe. Laivu moja, kijiji kimoja. Tuone jeusi linafanya nini.

DEO: Duara linazunguka.

RUKAYA: Kawaida yake.

DEO: Linazunguka... Watu wamenyamaza huku nyuma.

RUKAYA: Waache.

DEO: Imefunguka.

RUKAYA: Unaona nini?

[Kimya.]

RUKAYA: Mtani, unaona nini?

DEO: Migomba. Wameikata ile ya mbele, ya ndizi ng'ombe. Kwa nini wameikata? Ah, wamepanua njia. Humphrey kanenepa.

RUKAYA: Sana. Shangazi je? Kitenge?

DEO: Subiri, mtu kasimama mbele. Kasogea... Rukaya.

RUKAYA: Eeh.

DEO: Hajavaa kitenge.

RUKAYA: Kavaa nini?

DEO: Koti.

RUKAYA: Koti gani?

DEO: La baba. Lile la kijivu, lenye manyoya kwenye kofia. Nililomtumia mimi. Alikuwa analivaa hata juani, ili nikipiga simu nilione. Sikujua mtani huvalishwa nguo za marehemu. Yaani nilijua, ila nilisahau.

RUKAYA: Basi unaona.

DEO: Anakohoa kama yeye. Kashika kiuno hivi... Nderitu anauliza yule mzee ndani ya shimo ni nani.

RUKAYA: Mwambie ni mama mmoja wa Usangi.

DEO: Nimemwambia. Kavua koti la suti.

RUKAYA: Naandika. "Deo... anaona." Imekwenda.

DEO: Na wewe unadai nini? Mtani wa huku?

RUKAYA: Mimi nadai jeusi.

DEO: Chukua.

RUKAYA: Usinipe kirahisi hivyo, bwana! Bisha! Sema utanipa waya tu!

DEO: Nitakupa waya tu.

RUKAYA: Sasa ndiyo wewe. Humphrey kasoma ujumbe. Anainama, anamwambia. Shangazi anapanda... huyo. Kapewa mkono na padre. Kalivua koti, kalikunja, kaliweka juu ya sanduku.

DEO: Kwangu bado kakaa.

RUKAYA: Bado?

DEO: Kakaa shimoni, anachezea vifungo.

RUKAYA: Jeusi limechelewa tena.

DEO: Limechelewa. Kwako wanafanya nini?

RUKAYA: Wanaimba.

DEO: Halafu?

RUKAYA: Wanaimba tu.

[Kimya.]

DEO: Kwangu sasa ndiyo anapanda ngazi. Padre kampa mkono. Koti... Ndiyo. Kwako bado wanaimba?

[Kimya.]

DEO: Mtani, mbona umenyamaza?

RUKAYA: Imeganda.

DEO: Jeupe?

RUKAYA: Jeupe. Limeganda, mtani. Umeshinda.

DEO: Jeupe haligandi. Umeandika mwenyewe kwenye grupu.

[Kimya.]

DEO: Kwako wameshamshusha.

RUKAYA: Eeh. Wameshamshusha.

DEO: Usiniambie ilivyokuwa.

RUKAYA: Sisemi.

DEO: Kwangu yuko juu. Ndiyo kwanza wanashika kamba. Wapo wanne. Kwangu bado yuko juu kabisa, mtani, jua linampiga.

RUKAYA: Basi jeusi ndilo zuri.

DEO: Nilikuambia.

RUKAYA: Uliniambia. Kufungua si kitu.

DEO: Wamenyanyua. Wametoa zile mbao za chini. Sasa ndiyo wana— aah.

RUKAYA: Nini?

DEO: Imeganda.

RUKAYA: Ikoje?

DEO: Hewani. Kamba zimekaza, Humphrey kafumba macho. Kila mtu kasimama. Hapa ndani pia, kila mtu kasimama. Hakuna anayekaa.

RUKAYA: Bonyeza kile kitufe cha kuanza upya—

DEO: Hapana. Usiniambie nibonyeze. Iache hapo kidogo.

RUKAYA: Nimeiacha.

[Kimya kirefu. Mtandao unakwaruza.]

RUKAYA: Deo?

[Kimya.]

RUKAYA: Deo, upo?

[Kimya.]

RUKAYA: [kwa sauti ya puani, ya mzee] Deo, mwanangu. Mbona umenuna? Nimekosea nini?

[Mtu anavuta pumzi, inamkwama.]

DEO: Sijanuna, baba. Ni mtandao.

RUKAYA: [kwa sauti ileile] Haya. Nilidhani umenuna.

DEO: Hapana. Ni mtandao tu, baba. Siku zote ulikuwa mtandao.

RUKAYA: Haya, mwanangu.

DEO: Mtani... duara. Duara limetokea.

RUKAYA: Kata simu.

DEO: Linazunguka. Mkono huu una pedi, huu una simu, sina mkono—

RUKAYA: Kata, Deo! Tutaongea. Pole, mtani wangu. Kata.

DEO: Imetembea. Inashuka. Mtani, inashuka yote, haijaruka hata kidogo— Bertila! Bertila, acha hiyo simu, njoo kwenye TV! Waite na watoto! Nderitu, sogea apite, sogea, mama watoto ap—

[Simu imekatika.]